Shangazi kazidiwa, mwenye kosa ni mimi

WASOMAJI wangu wapenzi, leo mnisamehe. Nilipanga kuwaletea kisa cha mshikaji wangu aliyekopa suti ya kwendea kwa wakwe, lakini hicho kitasubiri. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Julai 2023, na nimechoka kulibeba peke yangu. Wenye roho nyepesi fungueni ukurasa mwingine, maana habari ya leo ni ya nyoka.

Ndiyo, nyoka. Tena siyo wa kusimuliwa. Ni chatu wa mita mbili, aliyekuwa akilala chumbani kwangu Manzese, hatua tatu kutoka kwenye godoro langu.

Nianze mwanzo ili tusipotezane njiani. Mjomba wangu, tumbo moja na mama, ni mcheza ngoma. Kwetu ni Usukumani, na kule ngoma siyo jambo la kupiga makofi harusini tu. Wapo Bagika na wapo Bagalu, pande mbili zinazoshindana watu wakishavuna. Ukifika Bujora, pale Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, utadhani mkoa mzima umehamia uwanjani. Halafu kuna Bayeye, wenye nyoka. Hao tangu zamani ni mafundi wa kukamata nyoka na kutibu walioumwa, na mpaka leo wanaingia uwanjani na chatu mabegani. Watu wanakimbia, kisha wanarudi kuchungulia.

Mjomba aliileta kazi hiyo mjini. Anaishi Mbagala na kikundi chake kinaitwa kwenye maharusi na maonyesho. Kibali cha kumfuga chatu wanacho, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina mchezo. Mnyama wa porini humfugi kienyeji kama njiwa. Na chatu huyo ndiye jembe la mjomba. Ndiye ada ya watoto, ndiye kodi ya nyumba, ndiye unga.

Anamwita Shangazi. Ukimwuliza kwa nini, anakujibu: "Akifika kwako hasemi anaondoka lini, na akishakula hataki usumbufu."

KUKABIDHIWA

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaongelee hadharani. Itoshe kusema kwamba Baiolojia nilipata F. Tangu hapo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyenikabidhi kitu cha maana. Hata baiskeli ya mzee naiomba kupitia kwa mama.

Basi mjomba akapata msiba Magu. Basi la mkoa halipakii chatu, na wenzake wa kikundi wengine walikuwa safarini. Akaja kwangu usiku na sanduku la mbao lenye matundu, limefunikwa shuka.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi tunaitana hivyo hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba, "wiki moja tu. Amekula juzi, usimpe chakula. Maji yasikauke. Usimweke penye jua, usimweke penye baridi. Ana kupe wachache kwenye magamba, watoe na kibano mmoja mmoja. Usiwe na haraka."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akanitazama kwa muda, akasema: "Nakuamini." Neno hilo, ndugu zangu, sijalisikia mara nyingi. Nililala nikitabasamu, ingawa na shuka nilijifunika mpaka utosini.

Siku tatu za kwanza tuliishi vizuri. Usidhani chatu ni mkorofi saa zote. Sumu hana, silaha yake ni meno na kubana. Shangazi alikuwa mpole, kazi yake kujikunja na kunitazama bila kupepesa, maana nyoka hana kope. Nikawa namsimulia mambo yangu. Hakunikatisha hata mara moja, jambo ambalo kwa mashangazi wengine wa ukoo wetu ni muujiza.

Mama mwenye nyumba sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nimeachiwa sanduku la mjomba. Huo nao ulikuwa uongo wa nusu, nao ulikuja kunitafuta baadaye.

KOPO

Jumamosi alasiri nikakaa kuwatoa kupe. Nilihesabu kumi na mmoja, wamejibanza chini ya magamba kama abiria wa daladala. Wa kwanza dakika tano. Wa pili dakika saba, na Shangazi akaanza kujivuta. Nikatazama saa. Kibanda umiza kulikuwa na mechi ya saa kumi, na washikaji walikuwa wamenishikia nafasi kwenye benchi.

Hapo ndipo shetani aliponionyesha kopo la dawa ya mende juu ya kabati. Nikajisemea moyoni, kupe ni mdudu, mende ni mdudu, dawa ni dawa. Nikampulizia Shangazi kuanzia shingoni mpaka mkiani, nikapuliza na ndani ya sanduku, nikafunga kifuniko, nikaweka na shuka juu ili dawa ikolee. Nikaenda zangu kwenye mechi. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka.

Niliporudi ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Nikafunua sanduku. Jamani, usiombe yakukute.

Shangazi alikuwa chali. Tumbo jeupe juu, kichwa kimepinda nyuma kinatazama mgongo wake mwenyewe, na mwili mzima unatetemeka vijitetemeko vidogo vidogo kama sufuria yenye maji yanayoanza kuchemka. Nikamgeuza. Akarudi chali. Nikamgeuza tena. Akajaribu kuinua kichwa, kikayumba kama cha mlevi, kikaanguka. Mate yalikuwa yanamtoka.

Nikapiga kelele. Sikupanga kupiga, ilitoka yenyewe: "Shangazi! Shangazi kazidiwa!"

Ukuta wa nyumba za kwetu ni mwembamba. Mama mwenye nyumba akanijibu kutoka upande wa pili: "Maskini weee! Kumbe mna mgonjwa humo? Anasumbuliwa na nini?"

"Amevuta dawa ya mende!"

"Mpe maziwa! Nakuletea maziwa!"

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi wangeua. Maziwa nilikuwa nayapokea kwa mikono miwili. Nilishashika na taya. Lakini nilipofungua kinywa nikaona kitundu kimechomoza pale chini, mbele kabisa ya koo, kinafunguka na kufunga. Sikukijua, ila niliona hewa inapita hapo. Nikaogopa. Nikayaweka maziwa chini. Baadaye niliambiwa kwamba hicho ndicho kinywa cha bomba la hewa, na kwamba ningemimina kikombe kile ningemzamisha palepale mikononi mwangu.

Nikampigia simu jamaa wa duka la dawa za mifugo. Akasema yeye ni mtu wa kuku na ng'ombe. Nilipomwambia mgonjwa ni chatu, akacheka mpaka akakohoa, lakini akanipa namba ya mama mmoja, daktari wa mifugo mstaafu, anayetibu mbwa nyumbani kwake Sinza.

"Shikamoo daktari," nikasema, nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja.

Hakucheka. Akasema: "Marahaba. Mtoe kwenye hilo sanduku sasa hivi, fungua madirisha. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kipande, kisha msuuze vizuri. Kichwa kisiingie majini. Usimnyweshe chochote. Halafu mlete, na hilo kopo lije nalo. Usiliache."

Nikapiga hodi kwa mama mwenye nyumba kuomba maji ya uvuguvugu. Yule mama, Mungu ambariki, alichemsha na kuchanganya mwenyewe, akayajaribu kwa kiwiko kama anamwogesha mtoto mchanga, akanipa na beseni lake jipya la bluu. "Mwogeshe shangazi yako taratibu," akaniambia mlangoni. Nikamshukuru, nikafunga mlango kwa mguu.

Nilimwosha mkono mmoja ukiwa chini ya kidevu chake. Povu lilinuka ile dawa, na machozi yalinitoka. Nikimsimulia mtu nasema yalikuwa ya dawa.

BAJAJI

Nikamvingirisha kwenye kanga, nikamweka kwenye mfuko wa sandarusi wenye matundu, nikasimamisha bajaji.

"Sinza, kaka. Haraka. Shangazi yangu mahututi."

Dereva, kijana mwenye huruma, akageuka kutazama nyuma. "Shangazi mwenyewe yuko wapi, tumsaidie kupanda?"

"Nimempakata."

Alitazama mfuko. Mfuko ukatikisika. Sitawaambia maneno aliyoyasema, maana gazeti hili linasomwa na watoto. Nauli ya elfu nne ikapanda mpaka elfu kumi, na njia nzima aliendesha akiwa ameinama mbele, kifua kwenye usukani.

Yule mama daktari alikuwa anatusubiri barazani na taa. Alimpima uzito kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya mbuzi: kilo sita kasoro robo. Akamlaza chali mezani, akasubiri. Shangazi hakujigeuza. Akaniambia chatu mzima ukimweka chali anajipindua mara moja, na akishindwa ujue mishipa ya fahamu imeguswa.

Kisha akachukua kopo, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyatazama.

"Afadhali," akasema. "Hii ni dawa ya jamii ya pareto."

Nikashangaa. Pareto ninayoijua mimi ni lile ua jeupe linalolimwa Iringa na Mbeya. Akanieleza, akiwa anajaza bomba la sindano, kwamba dawa nyingi za mbu na mende za majumbani zimeundwa kwa kuiga nguvu ya ua lile. Zinakamata mishipa ya fahamu ya mdudu ili isiweze kutulia, ipige kelele mfululizo mpaka mdudu afe. Mtu na ng'ombe wana damu moto na miili yao inaivunja sumu hiyo upesi. Nyoka damu yake inafuata hali ya hewa, mwili wake ni wa polepole katika kila kitu, hata katika kutoa sumu. Na baridi inazidisha makali. Nami nilimfungia mle ndani na mvuke wake, jioni ya Julai.

"Ingekuwa ile ya kunyunyizia mazao, ya jamii nyingine, sindano yake ni nyingine," akasema. "Ndiyo maana nilitaka kopo. Hii haina kiuasumu chake hasa. Tutamtuliza misuli, tutampa maji kwa sindano, tutampa joto. Mengine ni yeye na Mungu."

Akamchoma sindano sehemu ya mbele ya mwili. Akanifafanulia kwamba damu ya upande wa mkiani inaweza kupitia kwenye figo kwanza, kwa hiyo dawa ya nyoka inachomwa mbele. Baiolojia ya dakika kumi na tano, na nilielewa kuliko miaka minne ya shule.

Akauliza habari ya kibali. Nilikuwa nacho, mjomba alinipa nakala ndani ya bahasha. Gharama ilikuwa elfu thelathini na tano. Mfukoni nilibakiwa na kumi na mbili. Akazipokea, akasema nyingine nitaleta mwisho wa mwezi. Hakuniandikisha popote.

"HAJAMBO, ANAKUSALIMIA"

Nilirudi nyumbani saa nne usiku. Nikapanga chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa taulo, nikamlaza Shangazi katikati bila kumgusisha. Sanduku nililiacha nje, linuke huko huko.

Saa tano simu ikalia. Mjomba.

"Mjomba, poleni na huko. Sisi tumezika salama. Shangazi hajambo?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojijua. Nilikuwa na sekunde mbili. Nikasema: "Hajambo, anakusalimia."

Mjomba akacheka, akashukuru, akaaga. Nikabaki nimeshika simu. Akili yangu ikaanza kufanya hesabu chafu. Nyoka hufa. Nitasema nimemkuta amekufa tu. Nitasema baridi. Nani atajua? Kopo nitalitupa jalalani. Daktari wa Sinza na mjomba wa Mbagala watakutana wapi?

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa bado anatetemeka, jicho lile lisilofumba limenikazia. Mtu anaweza kudanganya akitazamwa na wanaopepesa. Huyu hakupepesa.

Saa nane usiku nikampigia mjomba. Niliposikia sauti yake ya usingizi nikayamwaga yote: kupe, mechi, kopo, kifuniko, mpaka ile salamu ya uongo.

Kimya. Nilisikia watu wakikohoa huko matangani, na jogoo aliyekosea saa. Nikajua sasa ananitukana, na matusi ya Kisukuma yana uzito wake.

Mjomba akasema: "Pima kutoka kichwani, shibiri mbili na kitu. Weka kidole chini ya tumbo, polepole. Unasikia?"

Nikapima. Mwanzo sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Du. Kimya kirefu. Du.

"Nasikia, mjomba."

"Basi usitoe kidole mpaka kuche," akasema, akakata simu.

Sikutoa. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, kidole juu ya moyo wa chatu. Kila kimya kilipozidi kidogo, wangu nao ulisimama ukimsubiri mwenzake. Katikati ya usiku huo niliacha kuwaza mjomba atanifanya nini. Nilikuwa nataka tu huyu kiumbe asife, hata kama hatakuja kunijua kamwe.

Alfajiri, msikiti wa jirani ulipoadhini, kutetemeka kulikuwa kumepungua. Kulipokucha kabisa nikamgeuza chali, mkono ukitetemeka. Akakaa. Akakaa. Kisha kipande cha shingo kikajipinda, kikafuata kingine, na taratibu kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, Shangazi akajigeuza.

Nikaruka. Nikapiga ukelele. Mlango ukafunguliwa, mama mwenye nyumba akaingia na bakuli la uji wa mgonjwa.

Sina haja ya kueleza sana. Bakuli lilivunjika. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza halikuwa "nyoka". Lilikuwa: "Beseni langu!"

GAMBA

Mjomba alifika Jumanne. Hakunisalimu, akapita moja kwa moja kwa Shangazi, akamshika shingo, akamtazama kinywani, akamwekea kidole pale pale, shibiri mbili na kitu. Kisha akakaa chini, akatoa kibano mfukoni, akanipa.

"Walibaki tisa?"

"Wanne, mjomba. Wengine walikufa."

"Watoe."

Niliwatoa wote wanne mbele yake, dakika kumi kila mmoja, bila kutazama saa. Hakuna aliyeongea. Nilipomaliza akasema: "Nilikasirika sana ile usiku. Siyo kwa kopo. Ujinga wa kutojua tumezaliwa nao wote. Nilikasirikia 'hajambo'." Akavuta pumzi. "Lakini ulipiga tena."

Shangazi hakurudi kazini upesi. Daktari alitukataza kumlisha kwa wiki tatu, na mjomba alikosa maonyesho mawili. Najua alilipwa kiasi gani kwa kila moja, kwa hiyo najua nilichomla. Nilimlipa kwa kubeba ngoma zake mpaka Desemba, na zile elfu ishirini na tatu za Sinza nilizipeleka mwisho wa mwezi, kama nilivyoahidi. Beseni la bluu nalo nilinunua lingine. Mama mwenye nyumba hakunifukuza, ila sasa mzigo ukiletwa kwangu anaugonga kwanza na mti wa ufagio.

Mwezi wa tisa mjomba aliniita Mbagala. Shangazi alikuwa amejivua gamba, tena limetoka zima kutoka puani mpaka mkiani, na vile vifuniko vya macho vimo, viwili, vinang'aa kama vioo vya saa. Mjomba alisema nyoka mgonjwa hujivua vipande vipande, na anayetoa gamba zima namna ile amepona. Akalikunja, akanipa.

Ninalo mpaka leo, limetundikwa ukutani juu ya godoro. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nyoka hajaniuma. Ila nikipita dukani nikiona makopo ya dawa ya mende yamepangwa rafuni, roho inaruka.

Nawe mwenye paka, mwenye kasuku, mwenye samaki ndani ya kioo: kabla hujapuliza, soma yale maandishi madogo, mtoe kiumbe wa watu nje, na ukikosea, piga simu mapema. Daktari kwanza. Mwenye mali wa pili. Usingoje saa nane za usiku.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na kile kisa cha suti.